Nyota Alizoziona Zaituni

Nilimwona Zaituni kabla yeye hajaniona, na kitu cha kwanza nilichotazama ni viatu vyake. Tulikuwa tumerudi shuleni kwetu Songea, sisi tuliosoma pale miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kusherehekea jubilei. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na wenzangu, tunalinganisha magoti yanayouma na sukari zinazopanda, mara gari jeupe likaingia getini. Dereva akazunguka kufungua mlango wa nyuma, mguu ukashuka, na kiatu chake kilikuwa cha ngozi laini, rangi ya chai iliyokolea maziwa. Vyangu nilikuwa nimevipaka rangi asubuhi ile kuficha mikwaruzo. Nimefundisha fizikia miaka mingi, nina mjukuu, nina mvi, na mtu wa umri huo hapaswi kumeza mate kwa sababu ya kiatu cha mwenzake. Nilimeza. Lakini wivu wangu kwa Zaituni haukuanza na kiatu. Ulianza tukiwa kidato cha tatu, na ulianza na nyota.

Huo ndio mwaka mitumba ilipojaa sokoni mpaka ikamwagikia barabarani, na wasichana wenye kaka wafanyabiashara walirudi kutoka likizo na sweta za rangi ambazo hatukuwa na majina yake. Baridi ya Juni inayoshuka kutoka milima ya Matogoro haina mzaha, kwa hiyo sweta lilikuwa jambo zito. Mimi sikuwa na sweta jipya, ila nilikuwa wa kwanza darasani, na hilo lilinipa joto la kutosha mpaka alipokuja Madam Temu. Alitoka Kilimanjaro, moja kwa moja kutoka chuo kikuu, mwanamke wa kwanza tuliyemwona akifundisha fizikia. Alivaa saa ya kiume, na alikaa juu ya meza badala ya nyuma yake. Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Aliwasha makaa kwenye jiko la maabara, akaingiza msumari mrefu akiushika kwa koleo, akatuita tusogee. Msumari ukawa mwekundu wa kiza, ukawa wa rangi ya machungwa, akapepea makaa kwa nguvu ukaelekea manjano. "Chuma ni kile kile," alisema. "Kilichobadilika ni joto, na rangi ndiyo inayotutobolea siri. Leo jioni mkitazama juu, mjue kwamba nyota nyekundu ndiyo iliyopoa kuliko zote, na ya buluu ndiyo yenye moto usiosemeka." Tulikataa kwa kelele, maana kwetu sote rangi ya moto ilikuwa nyekundu. "Ni kwa sababu hamjawahi kuona kitu chenye moto wa kutosha," akasema.

Wiki iliyofuata aliweka kioo ndani ya beseni la maji dirishani, na rangi za upinde wa mvua zikatandazika ukutani, juu ya picha ya mmeng'enyo wa chakula. Akatueleza kwamba wataalamu wa nyota huutandaza mwanga wa kila nyota hivyo hivyo, kwa vyombo vikali zaidi, na katikati ya zile rangi huona mistari myeusi myembamba, kila elementi na mistari yake, kama chapa za ng'ombe wa watu mbalimbali. Kwa mistari hiyo na kwa joto wamezigawa nyota katika madaraja saba, wakayapa herufi: O, B, A, F, G, K, M, kuanzia ya moto zaidi hadi iliyopoa. Nikauliza kwa nini herufi hazifuatani. Madam alifurahi na swali langu. Naukumbuka uso wake mpaka leo. "Mwanzoni walizipanga kwa unene wa mistari, kuanzia A, kama tunavyopanga mafaili," alisema. "Baadaye wakagundua kwamba joto ndilo lenye mpangilio wa kweli. Wakazihamisha, nyingine wakazitupa." Jua letu, alisema, ni la daraja la G. La tano kati ya saba. Mimi niliyezoea namba moja nililionea huruma.

Alitupa kazi: kila mmoja atunge sentensi ya Kiswahili ya kukumbukia herufi zile. Nilihangaika siku mbili. Nikaja na "Omba Bikira Akujalie Fadhila, Giza Kisha Mwanga," nikaisoma nimesimama wima, na nadhani wangeweza kuitundika kanisani. Halafu akasimama Zaituni, ambaye mpaka siku ile nilimjua tu kama msichana mnyamavu wa kutoka Tunduru, anayelala kitanda cha juu karibu na dirisha. "Omba bibi akupe futari, gimbi, kande, maziwa," alisema, akakaa. Darasa lilicheka, likapiga meza. Jioni ile bwalo zima liliimba sentensi yake huku tukisubiri ugali na likolo, zile mboga za majani zilizochemshwa bila tone la mafuta. Nimewafundisha wanafunzi wangu sentensi hiyo hiyo kila mwaka tangu nianze kazi, na sijawahi kuwaambia ni ya nani.

Mvua zilipokwisha na anga likawa safi, Madam alianza kututoa uwanja wa netiboli kila baada ya chakula cha jioni, dakika ishirini kabla ya kengele ya kujisomea. Jenereta la mji likizimika ilikuwa afadhali zaidi. Tulijifunika khanga na mablanketi, yeye akionyesha kwa tochi: ile pale ni Spika (tukacheka, tukauliza bunge liko wapi), ile ya kaskazini Arktura, hii karibu na Msalaba wa Kusini ni ndugu wa jua letu, na huyu mkubwa kifuani mwa lile kundi la Nge ni Antares. "Semeni rangi." Wenzangu walibahatisha. Zaituni hakubahatisha. "Spika ina ubuluu, kama maji yaliyosuuziwa nguo za sabuni ya unga," alisema. "Arktura ni ganda la chungwa lililokauka. Hii ya karibu na Msalaba ni ya siagi. Antares ni kaa linaloanza kufunikwa na majivu." Madam alifungua kitabu chake, akamulika ukurasa, akakifunga. "Zote nne," alisema taratibu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya Zaituni, kichwa nimekilaza nyuma mpaka shingo inauma, na niliona nyota nne nyeupe. Nilikodoa. Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili. Nyeupe. "Umeona, Notburga?" Madam aliniuliza. Nikasema nimeona.

Baadaye nilijua Zaituni alikolitoa jicho lile. Baba yake alikuwa dalali wa vito, na tangu Zaituni ana miaka minane alimkalisha mbele ya sinia lenye kitambaa cheupe atenganishe mawe kwa rangi kabla wanunuzi wageni hawajafika. "Baba anasema nina bahati ya macho," aliniambia siku moja tulipokuwa zamu ya kuchambua maharage, yeye akitoa mabovu kwa vidole vyepesi kama anapiga kinanda. Alisema bila majivuno, na hilo ndilo lililonichoma. Angejivuna ningemchukia kwa raha.

Kilichonimaliza ni swali la Antares. Kama nyota nyekundu imepoa, Madam aliuliza, na kilichopoa hutoa mwanga kidogo, mbona Antares inang'aa namna hii, tena iko mbali kuliko nyingi tunazoziona? Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kama kawaida yangu, nikasema kitabu hakijaeleza. Zaituni akasema, "Basi ni kubwa, Madam. Kaa moja jekundu haliwezi kumulika nyumba. Lakini watu wakichoma mashamba, mlima mzima huwa mwekundu na unaonekana mpaka kijiji cha tatu. Si kwamba moto wake ni mkali. Ni mpana." Madam Temu akapiga makofi, peke yake, gizani. Ndipo akatufundisha kwamba rangi peke yake haitoshi kuipanga nyota. Lazima ujue pia inatoa mwanga kiasi gani kwa kweli, ukiondoa udanganyifu wa umbali. Ukiviweka viwili hivyo pamoja ndipo unazijua zilizo vibete, kama jua, na zilizo majitu, ambazo zingeweza kulimeza jua na dunia yetu zisishibe. Niliandika yote hayo kwa mwandiko wangu mzuri, na masikio yangu yamejaa yale makofi. Mimi hakuwahi kunipigia.

Ikatangazwa kwamba kutakuwa na maonyesho ya sayansi ya shule za mkoa, na msichana atakayeeleza vizuri zaidi atapelekwa Dar es Salaam likizo ya Desemba kwa mafunzo. Madam akaamua tuchore chati ya nyota juu ya shuka jeupe: kutoka kushoto kwenda kulia, rangi, buluu hadi nyekundu; kutoka chini kwenda juu, mwanga. Zaituni aseme rangi, mimi nichore na kuandika. Kila Jumapili baada ya misa mimi na Zaituni tulikwenda kwa Madam, nyumba ya walimu ya vyumba viwili, yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti na redio iliyofunikwa kama mtoto aliyelala. Alitupikia chapati kwenye jiko la mafuta ya taa, na chai yake ilikuwa na tangawizi na maziwa halisi. Nilizipenda Jumapili zile kuliko kitu chochote mwaka ule. Kisha siku moja nikatoka uani kuosha brashi, na kupitia dirisha la jikoni nikamsikia Madam akiongea na mwalimu wa hesabu aliyekuja kuomba chumvi. "Maelezo atayatoa yule wa Tunduru," alisema Madam. Mwenzake akashangaa: "Kwa nini si Notburga? Si ndiye wa kwanza darasani?" Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Notburga ana mwandiko na ana kumbukumbu," Madam akajibu, "na vyote viwili vinafundishika. Yule mwingine ana jicho." Nilibaki nimeshika brashi, maji mekundu yakinitiririkia hadi kwenye kiwiko. Niliporudi sebuleni nilimkuta Zaituni amenitengea chapati iliyo kubwa zaidi. Niliila yote.

Chati ilikuwa na pengo. Jioni hatukuweza kuiona Rigel, ambayo ni ya buluu, wala Betelgeuse, ambayo ni nyekundu, kwa kuwa Agosti huonekana mashariki kabla ya mapambazuko. Tulikuwa tunafua sare, Zaituni akaniinamia sikioni. "Nimeziona. Natoka saa kumi na moja, kabla ya swala, nasimama nyuma ya bafu. Notburga, zimekaa katika kundi moja, moja huku, nyingine kule, kama kuna mtu kazipanga kwenye sinia. Twende kesho, ukaone mwenyewe." Kutoka bwenini kabla ya kengele kulikatazwa kabisa. "Nitaamka," nilisema. Nilikuwa macho alipopita karibu na kitanda changu na kunigusa bega, nami nikavuta pumzi ndefu kama mtu aliye usingizini. Ningekwenda kutazama nini? Nyota nyeupe mbili?

Mchana wa siku hiyo nilibisha hodi kwa matroni. Chumba chake kilinuka nafthalini na mafuta ya cherehani.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba. Una nini?"

"Kuna mtu anatoka bwenini alfajiri."

Akaacha kushona. "Nani?"

"Zaituni. Anakwenda nyuma ya bafu."

"Kufanya nini?"

"Sijui, matroni."

Neno hilo moja. Mengine yote niliyosema yalikuwa kweli.

Kesho yake alikamatwa akiwa na blanketi na daftari. Nyuma ya bafu palikuwa na ukuta mfupi, ng'ambo ya ukuta barabara, na siku zile barabarani walipita wanaume wenye pikipiki mpya na fedha za madini; hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Tuliokuwa tunafagia mbele ya ofisi tulimsikia Madam Temu akipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Alikuwa anatazama nyota! Nimemfundisha mimi!" Na mkuu wa shule akimjibu bila kupaza yake: "Mwalimu, kila msichana anayetoka nje alfajiri huwa na sababu nzuri. Sheria ni ile ile." Wiki tatu nyumbani. Maonyesho yalibakiza wiki mbili. Zaituni alifunga sanduku lake bila kulia, akanikabidhi daftari. "Malizia chati," aliniambia. "Rigel buluu, juu kushoto. Betelgeuse nyekundu, juu kulia, nayo ni jitu. Usije ukazichanganya." Nilimbebea sanduku mpaka getini. Basi la Tunduru enzi zile liliweza kulala njiani, na alipopanda nilimpungia mkono mpaka vumbi likatua. Niliporudi bwenini nilikuta kitanda chake kimetandikwa vizuri, na nilihisi furaha. Siwezi kulipa jina lingine jambo lile. Ilikuwa furaha, ikakaa kama saa moja, halafu ikaniacha.

Siku ya maonyesho nilisimama mbele ya shuka letu nikaeleza dakika kumi bila kukosea hata herufi. Nilieleza msumari, beseni, majitu na vibete. Nilieleza hata ule mlima unaowaka, kana kwamba ni wangu. Mkaguzi mmoja mzee, mwenye miwani mizito, akainama karibu na chati. "Binti, wewe mwenyewe unaziona rangi hizi angani?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi sijawahi," alisema kwa huzuni. "Naona nyeupe tupu." Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nilishinda. Madam Temu alinipa mkono, akasema, "Umeeleza bila kosa, Notburga," na Jumapili iliyofuata sikualikwa chai, wala Jumapili nyingine yoyote. Sijui kama alijua. Mwisho wa mwaka alihamishwa, nami sikupata kumuuliza. Zaituni hakurudi wiki tatu zilipokwisha, wala muhula uliofuata. Nilikwenda Dar, nikarudi na cheti. Nikaendelea kidato cha tano, nikafika chuo, na chuo kikanirudisha mbele ya ubao. Kila hatua nilijiambia kwamba nafasi ile ilikuwa yake, na ajabu ni kwamba kujua hivyo hakukuupunguza wivu wangu. Mtu akimwibia mwenzake hudhani angalau wamelingana. Nilipoanza kusikia kwamba Bi Zaituni wa Tunduru ndiye anayeitwa wageni wanapobishana juu ya jiwe, kwamba hawafungi biashara mpaka yeye alitazame, nilikaa jikoni kwangu nikayasikia tena yale makofi.

Na sasa alikuwa anakuja chini ya turubai, mikono ameitanua. "Notburga! Mwandiko wako uko wapi siku hizi?" Tulikumbatiana. Alikaa karibu nami, tukala pilau, akaniuliza habari za watoto, akanionyesha picha za wake. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomkumbuka. Nilishindwa kumaliza sahani. Chakula kilipoondolewa nilimwomba tutembee kidogo, tukafika uwanja wa netiboli, ambao siku hizi una nyasi mpaka magotini. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka.

"Zaituni, aliyekwenda kwa matroni ni mimi."

"Matroni yupi?"

"Mwaka ule wa nyota. Mimi ndiye niliyekusema. Nilijua ulikuwa unatazama nini, nikasema sijui."

Alikunja uso, kama mtu anayetafuta jina la mtaa aliowahi kupanga zamani. "Ah," alisema mwishowe. "Lile. Mimi nilidhani alinisikia mwenyewe, na miguu yangu hii mizito." Akacheka. Alipoona sicheki, akanishika mkono. "Usijisumbue, dada yangu. Nilipofika nyumbani baba aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia ni nyota, akaniamini. Wiki ile ile alipata mawe mabichi, yasiyokatwa, kutoka mtoni, akaniwekea sinia. Siku ya tatu nikatoa yakuti ambayo madalali sita walikuwa wameitupa. Alhamdulillahi, maisha yetu yakageuka pale pale. Shule walituma barua nirudi. Mimi ndiye niliyekataa."

"Hukukasirika?"

"Labda siku mbili." Alifikiri kwa uaminifu, nikaona anafikiri. "Mwaka ninaoukumbuka mimi ni ule uliofuata."

Huenda alisema hivyo kwa hisani. Watu wa kwao wana adabu, na alishaona uso wangu. Lakini nilimtazama kwa makini kama ninavyomtazama mwanafunzi anayejibu, na sikuona kitu anachokificha. Kutoka kwenye turubai walikuwa wanatuita kwa ajili ya picha ya pamoja. Zaituni alikusanya khanga yake, akaanza kwenda, halafu akageuka.

"Na yule mwalimu wetu, yule wa Kilimanjaro. Jina lake nani vile?"

"Temu," nikasema.

"Ee, Temu." Akatabasamu. "Alikuwa ananipenda sana, yule."

Kisha akashika njia kuelekea kwa wenzetu, akiinua miguu juu ya nyasi, mtu asiye na haraka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na siku nyingine, nikiwa na imani nyingi, nilijiandaa kwa msamaha wake. Sikujiandaa kwa hili: kwamba kitu nilichokitamani kuliko vyote ujanani alikuwa amekipata bila kukiomba, akakiweka mahali, akasahau hata jina la aliyempa. Walikuwa wananiita mimi pia. Nilibaki kidogo peke yangu pale uwanjani, mchana kweupe, nikimwonea wivu hata kusahau kwake.